Matairi ya inchi 33 kwenye Prado 95: kabla hujakubali spesa za milimita 75

Marahaba, mwanangu. Wasomaji wengine hawajaiona barua yako, kwa hiyo naieleza kwa ufupi. Una Prado 95 ya dizeli, injini 1KZ, yenye matairi 265/70R16. Unakaa Buhongwa, unanunua mpunga na choroko Kwimba, kila wiki uko njia ya Hungumalwa kwenda Ngudu na Malya, mara mojamoja Sengerema, na nyumbani kwenu ni Ukerewe. Masika iliyopita ulikwama mara tatu kwenye mbuga, ule udongo mweusi wa bondeni, "tumbo limelala juu ya udongo, magurudumu yanazunguka bure". Sasa unataka matairi ya inchi 33 na gari liinuliwe inchi tatu. Fundi mmoja amekuahidi kukuchongea spesa za chuma za milimita 75, azitie juu ya shokapu za mbele na juu ya springi za nyuma, kazi ya siku moja. Unauliza ufanye au uache.

Spesa hizo usizifunge. Kuhusu kuinua gari na kuongeza matairi tunaweza kuelewana, lakini hizo spesa hapana, na nitaeleza kwa urefu, kwa sababu nimeziona kwenye magari mengi hapa mjini na wenye magari hawajui wanaendesha nini.

Prado 95 mbele haina ekseli nzima kama Land Cruiser mkonga. Kila gurudumu la mbele limeshikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, na shokapu pamoja na springi yake vimekaa juu ya mkono wa chini. Havikukaa mwishoni penye gurudumu, vimekaa katikati. Chukua fimbo ya mita moja, ncha yake moja iache mezani, kisha inua fimbo hiyo katikati kwa sentimita 5. Ncha ya pili itapanda sentimita 10. Mkono wa Prado unafanya vivyo hivyo. Spesa ya milimita 25 juu ya shokapu huliinua gari milimita 45 hadi 50. Ya milimita 75 ingeliinua karibu milimita 140, yaani zaidi ya inchi tano, kama vyuma vingeruhusu. Haviruhusu. Fundi wako amedhani milimita moja ya chuma ni milimita moja ya gari, na kwa springi za nyuma hajakosea sana kwa sababu huko springi imekaa juu ya ekseli yenyewe. Mbele hesabu ni nyingine kabisa.

Tuseme amepunguza, ameweka ya milimita 40. Gari limesimama uani, linapendeza, mnapiga picha. Tatizo halionekani likiwa limesimama. Linaonekana siku gurudumu linapoangukia kwenye shimo na kuning'inia. Kinachozuia gurudumu lisishuke kupita kiasi ni urefu wa shokapu ikiwa imenyooka yote. Ukiweka spesa juu yake umeisogeza shokapu nzima chini, na gurudumu sasa linashuka hadi mahali ambapo kiwanda hakikukusudia. Sivijointi, kile kiungo kinacholizungusha gurudumu hata likiwa limekatwa kona, inapinda hadi mwisho wake, buti lake la mpira linakunjana na kujikata, grisi inatoka, mchanga unaingia, na baada ya mwezi unasikia "kra kra kra" ukikata kona. Mkono wa juu unaweza kugonga springi. Boljointi, vile vifundo vya duara vinavyoshikanisha mikono na gurudumu, zinabanwa pembeni. Yote hayo hutokea kwenye karavati la kwanza lililobomoka, ukiwa na magunia nyuma, jioni.

Na kwenye Prado 95 boljointi ya chini ndiyo ninayoiogopa kuliko kitu kingine chochote. Kwenye magari mengi uzito wa gari huikandamiza boljointi ikae kwenye nyumba yake. Hapa uzito unaivuta itoke. Ikiisha, haikupi muda mrefu wa kelele. Inachomoka, gurudumu linalala ubavuni, bampa linagusa chini. Nimeliona gari la namna hiyo likiwa limelala Usagara, na heri lilikuwa likitoka kwenye maegesho. Kwa hiyo kabla hujanunua tairi hata moja, badilisha boljointi za chini zote mbili, orijino, pamoja na boliti zake. Feki za boljointi ziko nyingi sokoni na kwa macho hazitofautiki na za kweli. Nunua kwa muuzaji utakayemrudia mlangoni kwake.

Sasa turudi kwenye swali lenyewe: kwa nini unakwama?

Ingia chini ya gari ukiwa na futi, kwenye sakafu iliyonyooka. Nyuma, kitu kilicho karibu zaidi na ardhi ni tumbo la difu, lile boksi la gia lililo kwenye ekseli. Difu hiyo imebebwa na ekseli, na ekseli imebebwa na matairi. Springi ziko juu yake. Ukiweka springi ndefu, bodi na fremu vinapanda, difu inabaki palepale. Gari lililoinuliwa inchi tatu bila kubadilishwa matairi lina nafasi ileile chini ya difu ya nyuma kama lilivyotoka Japani. Kinachoinua difu ni tairi peke yake, na hata tairi hukupa nusu tu ya ukubwa ulioongeza, kwa sababu nusu nyingine iko juu ya ekseli.

Hesabu ni nyepesi. Tairi lako la sasa, 265/70R16, lina kimo cha milimita 777. Tairi wanaloita inchi 33 kwa rimu yako ni 285/75R16, kimo chake milimita 834. Tofauti ni 57, kwa hiyo difu inapanda milimita 28. Lipo la katikati ambalo watu hulisahau, 265/75R16, lenye milimita 804. Hilo hukupa milimita 13 chini ya difu. Kati ya tairi la kati na lile la 33 unagombania milimita 15, unene wa kidole kidogo cha mkono. Kumbuka kidole hicho, maana huko mbele utaona kinakugharimu nini.

Kuinua springi kunasaidia tumbo lenyewe: fremu, boksi la pili la gia, tangi, na ile pembe ya pua na mkia unapopanda ukingo au ngazi ya kivuko pale Kisorya. Wewe umeandika kwamba tumbo lilikuwa limelala. Basi nenda kaangalie limelala wapi. Kama alama za udongo ulioparuzwa ziko kwenye difu tu, springi hazitakusaidia kitu. Kama ziko kwenye fremu na ngao ya chini ya injini, zitakusaidia.

Lakini nakujua unakopita. Njia za Kwimba wakati wa masika zinatengenezwa na Fuso. Fuso lina matairi makubwa na difu iliyo juu kuliko yako, linachimba mifereji miwili, na katikati linaacha tuta. Ukiingiza magurudumu kwenye mifereji hiyo, tuta ndilo linalokubeba tumboni. Tairi la inchi 33 halitaishinda mifereji ya Fuso. Fuso litachimba zaidi wiki ijayo. Gurudumu moja lipite juu ya tuta, jingine nje ya mfereji, na kama huna upana wa kufanya hivyo, shuka, chukua jembe, vunja tuta hatua ishirini. Sisemi hivi kukukatisha tamaa. Nasema kwa sababu nusu ya safari zako zilizoharibika zingeponywa na jembe, na jembe halichoshi boljointi.

Ushauri wangu, basi: weka 265/75R16, na uinue gari milimita 40 hadi 50 kwa springi na shokapu zilizotengenezwa kwa ajili hiyo, mbele na nyuma. Hapo difu inapanda milimita 13 na tumbo linapanda karibu sentimita 6. Zaidi ya milimita 50 mbele ya Prado 95, unaanza kuhitaji mikono ya juu mipya na kuishusha difu ya mbele ili sivijointi zinyooke, na kila kitu unachokishusha kinakurudishia tatizo ulilokuwa unalikimbia.

Utaniuliza kwa nini nakunyima kile kidole kimoja cha 33. Sababu ya kwanza ni udongo wa mbuga wenyewe.

Wakulima wa Kisukuma wanautofautisha udongo kwa majina, na mbuga ndiyo ile nyeusi ya bondeni, mfinyanzi mtupu, inayopasuka nyufa kiangazi na kuvimba ikinyeshewa. Hauteremki kwenye tairi kama matope ya mchanga. Unajibandika, tabaka juu ya tabaka, tairi linanenepa kila linapozunguka. Unahitaji nafasi tupu kati ya tairi na madigadi ili udongo huo upite. Ukiweka 33 kwenye Prado 95 hata iliyoinuliwa milimita 50, ukikata kona hadi mwisho tairi linasugua ukingo wa nyuma wa madigadi, karibu na kona ya bodi, na mafundi hukata plastiki na kupondaponda bati ili lipite. Kwenye lami linapita. Kwenye mbuga, nafasi iliyobaki inajaa ndani ya hatua hamsini, udongo unashindiliwa kama tofali, na gurudumu linasimama. Mteja wangu mmoja alilipia 33 nzuri sana, akaenda nazo Magu na mwenzake mwenye gari lenye matairi ya kawaida. Mwenzake alipita. Yeye alitumia saa mbili kuchokonoa udongo kwenye madigadi kwa bisibisi, na plastiki za ndani ya madigadi alirudi nazo kwenye buti. Tairi dogo kidogo lenye nafasi ya kujisafisha linapita mahali ambapo kubwa lililobanwa linakwama.

Na upana. Mbuga ikinyeshewa siku ya kwanza, juu ni utelezi, chini bado pagumu. Hapo tairi lisilo pana linakata utelezi na kushika pagumu. Pana linaelea juu kama mtumbwi. Ikinyeshewa wiki nzima, chini hakuna pagumu tena, na hapo ninachokushauri ni kulala Ngudu hadi jua liwake siku mbili.

Sababu ya pili ni rimu. Tairi la 285/75R16 linataka rimu yenye upana wa inchi saba na nusu hadi tisa. Rimu nyingi zilizokuja na Prado 95 zina inchi saba. Litaingia, ndiyo, mashine italikubali, lakini kuta zake zitakaa zimejikunja na katikati yake itaisha kabla ya pembeni. Ndipo watu wanaponunua rimu pana zinazotokeza nje. Rimu ikitokeza, uzito unahama nje ya beringi, usukani unakupiga mikononi kila unapokanyaga jiwe, na matope yote yanarukia milango. 265/75R16 inakaa kwenye rimu yako hiyohiyo bila neno.

Ya tatu ni injini. Tairi kubwa ni kama kubadilishiwa gia bila kuulizwa. Kama difu yako ina uwiano wa 4.10, kwa 33 gari litajisikia kama lina 3.82. Gia ya tano utaipoteza kwenye kila kilima, na ukitoka Mwanza kila upande kuna kilima. Kwa 265/75 utajisikia kama una 3.96, jambo utakalolizoea kwa siku tatu. Kwa injini nyingine ningelipita haraka hili. Kwa 1KZ siwezi. Silinda hedi ya 1KZ inajulikana kwa kupasuka joto likizidi, na hakuna kinachoipandisha joto kama kuburuza mzigo kwa gia kubwa, mzunguko mdogo, mguu umezama. Kabla ya kuongeza tairi lolote, radieta ioshwe ndani na nje, klachi ya feni, ile yenye mafuta ya silikoni ndani, ipimwe kama bado inashika, na mfuniko wa radieta ubadilishwe. Na usiiamini geji ya joto ya kwenye dashibodi: sindano hukaa katikati kwa utulivu hadi mambo yameshaharibika.

Kuna na uzito. Tairi la kawaida la 265/70R16 lina kilo 17 au 18. La 285/75R16 lenye kuta nene za mzigo linafika kilo 25 hivi. Kilo saba kila kona, tena zinazozunguka na kurukaruka, zinabebwa na boljointi, beringi, shokapu na breki zilezile. Breki hasa: kadiri tairi linavyokuwa kubwa ndivyo breki inavyokuwa na nguvu ndogo ya kulisimamisha, kama mtu anayejaribu kuzuia mlango kwa kuushika karibu na bawaba.

Spidi pia itakudanganya. Kwa 33, gurudumu linakwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko kwa asilimia 7. Saa ikisoma 80 wewe uko karibu 86. Ikisoma 50 pale Nyegezi, tochi ya trafiki inaweza kusoma 53 au 54, na faini utalipa wewe. Kwa 265/75 tofauti ni asilimia 3 na ushee. Saa nyingi za kiwandani huzidisha kidogo, hivyo wengi hujikuta sasa zinasema kweli. Na kilomita zinapungua kwenye saa: ukisoma 500 kwa 33 umekwenda 536. Kabla ya kulalamika kwamba gari limeanza kunywa mafuta, zidisha kwanza. Kisha ukishazidisha, utakuta bado linakunywa zaidi.

Hayo ndiyo ya matairi. Kwenye springi anza na futi tena. Pima kutoka katikati ya kofia ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, gari tupu, tangi likiwa nusu. Andika. Prado 95 changa kabisa sasa ina zaidi ya miaka ishirini, na springi zake zimelala. Nimeshapima zilizozama sentimita tatu hadi nne nyuma kwa sababu ya magunia. Mtu wa namna hiyo akifunga springi mpya za kimo cha kiwandani tu, anashuka garini akisema limeinuliwa. Huenda nawe ni mmojawapo, na nusu ya unachokitafuta ulikuwa nacho ukakipoteza polepole.

Springi za nyuma zinachaguliwa kwa mzigo. Muuzaji atakuuliza, au anapaswa kukuuliza, unabeba kilo ngapi kwa kawaida. Mjibu ukweli wa siku nyingi. Usimjibu kwa siku moja ya mavuno. Ukinunua springi za kilo 400 za kudumu na wewe muda mwingi unaendesha peke yako, gari litadunda kwenye barabara ya changarawe yenye makunyanzi na mkia utakuhama kwenye kona. Shokapu zinunuliwe pamoja na springi, za kampuni moja, za urefu unaolingana. Springi ndefu na shokapu fupi ya zamani maana yake shokapu ndiyo inayobeba ekseli kila inaponing'inia, na itang'oka.

Nyuma kuna mambo matatu mafundi wengi huyaacha. Kuna fimbo ndefu inayotoka kwenye fremu upande mmoja hadi kwenye ekseli upande wa pili, inayozuia ekseli isihame kushoto na kulia. Gari likipanda, fimbo hiyo inaivuta ekseli nzima upande mmoja. Kwa milimita 50 ni kidogo, ila pima. Ikizidi sentimita moja, tafuta fimbo inayorekebishika. Kuna bomba la breki la mpira linaloshuka kwenye ekseli: gari likiwa juu ya jeki na magurudumu yananing'inia, lazima lilegee. Likikaza kama kamba ya gitaa, siku moja litachanika.

La tatu ndilo lililonifunza. Prado 95 nyingi zina vali ya breki ya nyuma inayopima mzigo. Imefungwa kwenye fremu, na kifimbo chake kimeshikana na ekseli. Gari likiwa na mzigo fremu inashuka, vali inafungua, breki za nyuma zinapata nguvu. Likiwa tupu fremu inapanda, vali inabana. Ukiliinua gari, vali hiyo inaamini kwamba gari ni tupu daima, hata likiwa na gunia kumi. Gari la kwanza nililoliinua kwa mikono yangu sikuigusa. Mwenyewe alirudi baada ya wiki mbili: alifunga breki kwenye mteremko wa Bugando, pua ikazama, gari likaenda mbele kuliko alivyotegemea, akaligonga daladala nyuma. Hakuumia mtu. Niligharamia taa na bampa, na tangu siku hiyo hakuna gari linalotoka kwangu bila kibano cha vali hiyo kupandishwa kiasi kilekile gari lilichopanda. Fundi wako muulize swali hili moja: "Vali ya breki ya nyuma utaifanyaje?" Akikushangaa, mshukuru, uende.

Baada ya kufunga vyote, alaimenti, yaani kupanga upya pembe za magurudumu. Gari likiinuliwa mbele, usukani unapoteza ile tabia ya kujirudisha wenyewe ukitoka kwenye kona, na kwenye lami ndefu unakuwa unalichunga gari kama ng'ombe asiyetaka kamba. Hurekebishwa kwa boliti zenye kamu kwenye mkono wa chini. Kwenye magari yetu boliti hizo mara nyingi zimeganda na kutu ndani ya bushi. Zikigoma, zikatwe na bushi zibadilishwe. Usikubali kuambiwa "hii haina alaimenti ya hiyo". Inayo. Taa za mbele nazo zishushwe, zisiwapofue wanaokuja usiku njia ya Misungwi.

Aina ya tairi: chukua la matumizi mchanganyiko, lenye vitalu vikubwa kiasi. Ya matope matupu, yenye meno marefu, yananguruma kwenye lami na kwenye mvua hayashiki lami vizuri, na wewe lami unayo nyingi. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, Sengerema yako ni lami mwanzo hadi mwisho. Usinunue mawili sasa na mawili mwakani: Prado 95 nyingi zilizotoka Japani zinaendeshwa na magurudumu manne muda wote, na matairi yenye vimo tofauti yanaisaga difu ya kati kila dakika. Ya mtumba, soma tarakimu nne za mwisho ubavuni baada ya herufi DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lililopita miaka sita mpirani mwake limeshakauka hata kama meno yamesimama, na mawe ya changarawe yatalichana ubavuni. Upepo anzia PSI 32 hadi 35 kwenye lami, ukiwa na mzigo ongeza. Kwenye mchanga wa Ukerewe shusha hadi 18 au 20, utaona gari lililokuwa linachimba linatembea. Kitu hicho tu, pamoja na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri ya kujazia tena, kinakupa zaidi ya inchi nzima ya springi.

Maji nayagusia tu. Gari refu hukupa ujasiri wa kuingia mtoni, lakini difu zina vipumulio vifupi. Difu iliyochemka ikizama kwenye maji baridi hunyonya maji kupitia kipumulio na kupitia sili. Refusha vipumulio kwa bomba la mpira hadi juu kwenye injini, kazi ya nusu saa, na ukivuka maji mengi fungua nati ya difu uangalie kama oili imegeuka rangi ya maziwa.

Mjulishe na wakala wako wa bima kwa maandishi kwamba gari limebadilishwa kimo na matairi, kabla hujahitaji kumlilia.

Utaratibu wa kazi ni huu: boljointi na mfumo wa kupoza kwanza, mwezi huu. Springi, shokapu, vali ya breki na alaimenti baadaye, vyote kwa mkupuo mmoja. Matairi mwisho, hata kama hamu yako iko hapo. Nati za magurudumu zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, na baada ya kilomita 1,000 rudi na futi yako upime zile pembe nne, kwa sababu springi mpya hukaa kidogo. Siku hiyohiyo tazama mabuti ya sivijointi na ushike mlango wa nyuma uunyanyue kwa mikono miwili. Tairi la spea la Prado 95 limening'inia kwenye mlango huo, na ukiweka lililo zito bawaba ndizo zinazolibeba kwenye kila shimo. Mlango ukicheza hata kidogo, kaza boliti za bawaba kabla ya safari inayofuata, na siku za kwenda Malya lilaze spea ndani, chini ya magunia.